Asiyedaka mpira wa juu si mwoga

Ukipita kando ya uwanja wa shule jioni, wakati wa michezo, huenda ukamsikia mwalimu akimfokea mtoto: "Tazama mpira! Unaogopa nini?" Mtoto mwenyewe amesimama katikati ya nyasi, glavu ameiinua kama mtu anayejikinga na mvua, na mpira umeanguka hatua kumi nyuma yake. Wenzake wanacheka. Mwalimu anaandika jambo katika daftari lake, na wiki ijayo msichana huyo atakuwa mbeba maji wa timu.

Nimewatibu wanafunzi kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba wengi wa watoto wanaoitwa waoga katika softiboli si waoga hata kidogo. Baadhi yao hawaoni vizuri. Wengine, na hao ndio wengi zaidi, wamefundishwa kinyume kabisa cha jinsi macho na miguu ya binadamu inavyoshirikiana. Msomaji asidhani hili ni jambo la kurasa za michezo lililopotea njia. Ni jambo la afya, maanake mpira usiodakwa na mkono hudakwa na uso.

Kwa wasioujua, softiboli ni ndugu wa besiboli, na kwa mtoto wa Kenya ni binamu wa raundasi aliyoicheza akiwa shule ya msingi. Ulianzia Chicago, Marekani, mwaka wa 1887, tena ndani ya nyumba, katika ukumbi wa klabu moja ya wapiga makasia. Wakati huo mpira wake ulikuwa mwororo kweli. Jina limebaki ingawa ulaini wenyewe ulikwisha zamani. Mpira unaotumika siku hizi una mzingo wa sentimita 30 hivi na uzani wa kati ya gramu 178 na 198, yaani zaidi ya mara tatu ya mpira wa tenisi, na ni mgumu. Ukimwangukia mtoto usoni kutoka juu hataujua ulaini wake uko wapi. Mchezo huu ulikuwa katika Olimpiki kuanzia 1996 hadi 2008, ukarudi katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, na umepangiwa kurudi tena Los Angeles 2028. Kwa hivyo wasichana wetu wana sababu ya kuutaka.

Basi, mtu huudakaje mpira uliopigwa juu angani huku yeye anakimbia? Wengi hudhani kwamba mchezaji hodari huutazama mpira ukitoka kwenye gongo, akakisia kichwani mwake utakapoangukia, kisha akaenda kuungojea pale. Walimu nao huwaambia watoto vivyo hivyo: "Jua utaanguka wapi, nenda ukasimame chini yake." Amri hii inaonekana ya busara, lakini haitekelezeki. Hakuna mtoto anayeweza kupiga hesabu hiyo, na hata mchezaji wa kulipwa haipigi.

Mwaka wa 1968 mwanafizikia mmoja Mmarekani, Seville Chapman, alieleza jambo ambalo kila mwalimu wa michezo angepaswa kulijua. Tuseme mpira unakujia moja kwa moja. Ukiuona unapanda machoni pako kwa mwendo ule ule, bila kuharakisha wala kupunguza, basi unakuja hapo ulipo. Ukiuona unapanda kwa kasi inayozidi kuongezeka, utakupita juu ya kichwa, rudi nyuma. Ukiuona kupanda kwake kunalegea na kuanza kushuka machoni mapema, utaanguka mbele yako, kimbia mbele. Kazi ya mchezaji, basi, ni kukimbia kwa namna ambayo mpira utaendelea kuonekana ukipanda kwa mwendo usiobadilika mpaka umfikie. Hajui utaanguka wapi. Anajua tu kwamba akiuweka hivyo machoni, watakutana.

Watafiti wa baadaye waliendelea kulichunguza jambo hili. Mwaka wa 1993 Peter McLeod na Zoltan Dienes walionyesha kwamba wadakaji hurekebisha mwendo wao njia nzima. Hawaendi mahali wakatulia kungoja. Mwaka wa 1995 Michael McBeath na wenzake waliandika juu ya mpira unaokwenda upande: mchezaji hukimbia kwa mkunjo fulani ili njia ya mpira machoni mwake ionekane imenyooka. Wataalamu bado wanabishana ni maelezo yapi yaliyo bora, na mimi siyo wa kuwaamulia. Hata mbwa anayekimbilia kisahani kinachorushwa hewani alichunguzwa, na ripoti iliyotolewa mwaka wa 2004 ilisema hutumia mbinu kama hiyo. Mbwa hajui hesabu, lakini hakuna aliyewahi kumwambia asimame.

Utafiti unaonigusa zaidi kama daktari ni ule uliofanywa na Raoul Oudejans na wenzake mwaka wa 1996. Waliwataka watu waseme kama mpira fulani ungeweza kudakwa au la. Waliosimama tuli walikisia vibaya. Walioruhusiwa kuanza kukimbia walikisia vyema zaidi. Yaani miguu husaidia macho kuona. Sasa mfikirie mtoto aliyeambiwa asimame, atazame kwanza, afikirie, kisha ndipo aondoke. Mwalimu amemnyima kile kile ambacho kingemwonyesha mpira unakokwenda.

Na mpira unaomjia mtu moja kwa moja ndio mgumu kuliko wote, ingawa kwa macho ya mtazamaji unaonekana rahisi. Unaokwenda kando huonyesha njia yake. Unaokuja usoni huonekana kama nukta iliyoning'inia, na ukiwa mbali kule tofauti ya kile kinachoonwa na jicho la kulia na la kushoto ni ndogo mno kukusaidia kukisia umbali. Halafu shule zetu huanza na nini? Huwapanga watoto mstari mmoja, na mwalimu anawapigia mipira moja kwa moja usoni. Tunaanza na somo la mwisho.

Ningeanza kwa mpira wa soksi. Kila mtu aliyelelewa katika nchi hii anajua kuutengeneza: soksi kuukuu, matambara, kamba. Au mpira wa tenisi uliochakaa. Mwalimu aurushe kwa mkono, si kwa gongo, umbali wa hatua kumi tu, kwanza upande wa kulia wa mtoto, kisha upande wa kushoto, ili kila mara mtoto awe ameshaanza kukimbia wakati mpira ungali unapanda. Asitumie glavu. Adake kwa mikono miwili, juu kidogo ya paji la uso, ambapo macho yanaona mpira na mikono kwa pamoja. Hofu huondoka haraka mtu anapojua kwamba akikosa, kinachompiga ni soksi. Siku kadhaa zikipita, umbali uongezwe. Baadaye mipira ya mbele. Mwisho ile ya kupita juu ya kichwa. Mpira mgumu na gongo vije baada ya hapo. Nimeulizwa kama hili si kuwadekeza. Hapana. Hata anayefundisha kuogelea haanzi kwa kumtupa mtoto baharini.

Hapa yafaa niseme neno kuhusu wasichana. Wengi wao wamekua wakicheza kati. Katika mchezo huo aliye katikati kazi yake ni kuukwepa mpira, na aliyeukwepa vizuri ndiye anayeshangiliwa. Kwa miaka mitano au sita mwili umefunzwa kwamba mpira ukija, ondoka. Kisha anaingia sekondari, anavishwa glavu, na anaambiwa akimbilie kile kile alichokuwa akikikimbia. Akisita nusu sekunde anaitwa mwoga! Anahitaji majuma machache ya kuufunza mwili upya, na anao wepesi wa miguu tayari, kati imempa.

Mpira ukipita juu ya kichwa, kosa kubwa ni kurudi kinyumenyume. Ni hatari kweli. Mtoto anayekimbia kinyumenyume akiwa ameinua kichwa hujikwaa, akaanguka chali, na kinachotangulia kufika chini ni kiganja au kisogo. Mifupa ya kifundo cha mkono huvunjika kwa njia hii hii. Afundishwe kwamba hatua ya kwanza ni ya mguu ulio upande mpira unakoelekea: urudi nyuma, nyonga igeuke, kisha akimbie kama mtu anayekwenda mbio za kawaida, akitazama juu ya bega. Mikono ipige mwendo. Glavu isinyooshwe mpaka mwishoni, kwani hakuna akimbiaye upesi na mkono mmoja hewani. Wapenzi wa besiboli hawajasahau jinsi Willie Mays, katika fainali za Marekani za mwaka wa 1954 mjini New York, alivyougeuzia mpira mgongo kabisa, akakimbia, na kuudaka juu ya bega lake karibu na ukuta. Hakurudi kinyumenyume hata hatua moja.

Jambo jingine dogo ni visigino. Anayekimbia akibamiza visigino chini hutikisa kichwa kila hatua, na mpira huonekana unarukaruka. Mwili una ufundi wake wa kutuliza picha: sikio la ndani huhisi kichwa kinavyosogea na kuyaamuru macho yazunguke kinyume chake. Lakini ufundi huo una kikomo. Akimbie kwa nyayo za mbele, mabega yamelegea, kichwa kimetulia. Ukimwambia mtoto "tazama mpira" bila kumfunza kukimbia hivyo, unamwomba asome gazeti ndani ya matatu inayopita kwenye matuta.

Sasa tuje kwa macho yenyewe. Muhula mmoja nililetewa msichana wa kidato cha pili aliyepigwa na mpira kwenye jicho la kushoto. Mbele ya mboni, ndani ya jicho, damu ilikuwa imetuama kama majani ya chai chini ya kikombe. Nilimpeleka kwa daktari wa macho na, kwa bahati njema, alipona. Kilichonishangaza ni lile jicho jingine, ambalo halikuguswa. Nilipompima aliweza kusoma mistari miwili tu ya juu katika ubao wa herufi. Hakuwa akiona mbali, na pengine hakuwa ameona mbali kwa miaka. Mwalimu wake alikuwa amemlaumu mihula miwili kwamba "anafumba macho" mpira unapokuja. Hakuwa akifumba. Alikuwa akiyafinya ili aone. Asiyeona mbali hufinya macho, na kwa aliye kando ya uwanja kufinya huku kunafanana sana na woga.

Mzazi, huhitaji mashine kushuku jambo hili. Mtoto anayekaa dawati la mbele kwa kupenda, anayeshika kitabu karibu na pua, asiyeweza kusoma nambari ya matatu mpaka isimame mbele yake, na apelekwe akapimwe. Mwalimu naye anaweza kubandika ubao wa herufi ukutani, mtoto akasimama mita 6, akaziba jicho moja baada ya jingine. Kuziba kila jicho ni muhimu, kwani kuna watoto wenye jicho moja zima na jingine vivu, na wakitazama kwa yote mawili hakuna anayegundua. Ningependa kila timu ya shule ipimwe hivyo mwanzoni mwa mwaka, kabla ya kugawa jezi. Anayevaa miwani asicheze na vioo vya kawaida. Apate ile ya plastiki ngumu ya polikaboneti, yenye mkanda wa kuishika kichwani. Najua bei yake si ya mchezo. Bei ya jicho bandia pia si ya mchezo.

Hata jicho zima hushindwa na jua. Michezo ya shule huanza mwendo wa saa kumi, na kufikia saa kumi na moja jua liko chini upande wa magharibi. Mpigaji akisimama upande huo, wadakaji wote wanatazama ndani ya moto. Wanaoanza wasimame magharibi, mpigaji awe mashariki, ili jua liwapige mgongoni. Wakishazoea ndipo wafunzwe kulikinga jua kwa glavu na kutazama mpira kando ya kivuli chake. Giza likianza kuingia, mazoezi ya mipira ya juu yafungwe, hata kama mashindano ni kesho.

Kuna ajali nyingine isiyohusu mpira kumgusa mtu. Wachezaji wawili wanautazama mpira mmoja, kila mmoja anakimbia kwa uwezo wake wote, na hakuna anayemwona mwenzake. Tarehe 11 Agosti 2005, mjini San Diego, Mike Cameron na Carlos Beltrán wa timu ya New York Mets waligongana vichwa hivyo hivyo. Cameron alivunjika pua na mifupa ya mashavu. Hawa walikuwa miongoni mwa wadakaji bora duniani. Kwa hiyo sauti ni sehemu ya kudaka. Aliye na hakika apige kelele "Wangu! Wangu!" na wengine waondoke. Anayekuja mbele ana haki kuliko anayerudi nyuma, kwa sababu yeye anaona mpira na watu, na wa katikati miongoni mwa walinzi wa nyuma ana haki kuliko wa pembeni. Mambo haya yafanyiwe mazoezi kama vile kurusha. Watoto wenye haya, ambao nyumbani hufunzwa wasipaze sauti, huhitaji kuzoezwa kupiga kelele zaidi ya wanavyohitaji kuzoezwa kudaka. Na kabla ya yote mwalimu autembee uwanja atazame mashimo, kwa maana anayetazama juu hatazami chini.

Ajali ikitokea, tafadhali tupunguze uganga wa uwanjani. Kidole kikipigwa ncha na mpira, desturi yetu ni kukivuta. Kisivutwe! Kifungwe pamoja na jirani yake na kipelekwe hospitali. Ikiwa ncha imeinama na haiwezi kujinyoosha yenyewe, mshipa wake umekatika au kipande cha mfupa kimebanduka. Tiba ni kukinyoosha kwa banzi wiki 6 au zaidi bila kukikunja hata mara moja, na waliovutwa na kuachwa hubaki na kidole kilichopinda maisha yote. Jicho lililopigwa lisisuguliwe wala kubanwa. Lifunikwe na kitu kisicholigusa, kama kikombe cha karatasi, mtoto aketi kichwa kikiwa juu, asipewe aspirini kwa sababu huongeza kuvuja damu, na apelekwe siku hiyo hiyo hata kama anasema anaona. Akisema anaona vimulimuli au pazia limeshuka upande mmoja, ni dharura.

Na kichwa. Mtoto aliyegongwa kichwani akawa amepumbaa kidogo, anaumwa kichwa, anauliza swali lile lile mara mbili, hata kama hakuzirai, amepata mtikisiko wa ubongo. Asirudi uwanjani siku hiyo, hata timu iwe imepungukiwa. Akitapika, akilala usingizi usio wa kawaida, akizidiwa na maumivu, au akizirai, hospitali mara moja. Kurudi mchezoni kuwe hatua kwa hatua, baada ya kuruhusiwa na daktari.

Wazazi kadhaa wameniuliza kama basi si heri mtoto aache mchezo huu. Sioni hivyo. Mtoto anayekimbia jioni tatu kwa wiki ananipa kazi ndogo kuliko anayeketi na simu mpaka usiku. Nenda tu uwanjani siku moja, ukae kimya, utazame. Je, wanaoanza wanatumia mpira mgumu? Wamesimama au wanakimbia? Kuna anayepaza sauti mpira unapokuja? Kisha zungumza na mwalimu kwa heshima, maana naye ana darasa la watoto hamsini na hakuna aliyemfunza haya.

Mwulize pia kuhusu mashoto. Arushaye kwa mkono wa kushoto huvaa glavu mkono wa kulia, na shule nyingi zina glavu za upande mmoja tu. Mtoto wa namna hii hulazimishwa kudaka kwa mkono wake hodari, kisha avue glavu ndipo arushe, na timu nzima inamngoja. Glavu ya mashoto isipopatikana, adake mpira wa soksi kwa mikono mitupu mpaka ipatikane.